Thika hadi Forodhani: Bandari Nne, Simu Mbili, Shilingi za Aina Mbili

Kila Agosti watu wa huku kwetu hugawanyika makundi mawili: wanaopanda ushago kusalimia wazazi, na wanaoteremka Pwani kula upepo. Agosti iliyopita wateja wetu wawili, mke na mume, waliteremka, lakini hawakuishia Mombasa kama wengi wetu. Mke ana duka la vitambaa Thika mjini. Mume ni fundi wa umeme Ruiru, upande wa Kamakis. Walitaka bandari nne kwa safari moja: Mombasa, Tanga, Dar es Salaam na Unguja. Hakuna ndege, ni treni, basi na boti tu.

Hawa si watu wa kutupa pesa. Kwa miezi kumi kila mmoja aliweka shilingi 6,000 kila mwezi, wakafikisha 120,000. Bima ya Zanzibar na tiketi za boti ya kwenda walizilipia mbali kwa kadi, kabla hata hawajaanza kuhesabu hizo 120,000. Wamekubali tusimulie safari yao, na majina tumeyaacha kwa ombi lao. Tunaisimulia kwa sababu siku ya sita, saa nane mchana, katikati ya Dar es Salaam, zaidi ya nusu ya hizo pesa zilikuwa bado ni zao na hakuna njia ya kuzigusa.

Walivyogawana ni hivi: 110,000 zilikaa kwenye simu ya mke, kwa sababu yeye ndiye mweka hazina wa nyumba na hata wa chama chao. Mume alibaki na 10,000 kwenye simu yake, "za soda". Kumbukeni mgao huo, tutaurudia.

Mombasa, bado uko nyumbani

Tiketi ya SGR unaikata kwa *639# na kulipia kwa simu hiyo hiyo. Daraja la kawaida ni 1,500 kwa mtu mmoja tangu Januari 2024. Kabla ya hapo ilikuwa 1,000. Kwa mtu wa Ruiru shida si kulipa, shida ni kufika Syokimau. Anayetaka treni ya asubuhi aamke na jogoo wa kwanza, maana jamu ya Thika Road haijui kama una tiketi mfukoni.

Mombasa kila kitu kinakwenda kama Thika. Tuktuk inalipwa kwa simu, hoteli ina namba ya till, hata mama wa mahamri na mbaazi ana namba yake ameiandika kwa kalamu kwenye boksi. Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka wa 1593, inalipiwa kupitia eCitizen, kwa hivyo afadhali ulipe ukiwa kivulini kuliko kusimama langoni na jua la saa sita ukitafuta mtandao. Feri ya Likoni kwa mtu wa miguu ni bure. Usikubali mtu akuuzie "tiketi" ya kuvuka kwa miguu.

Hapa kuna jambo moja la kutazama, nalo ni ada ya kutoa pesa. Watu wengi wakiwa likizo hutoa kidogo kidogo, elfu moja asubuhi, elfu moja jioni, kwa kuogopa kubeba. Kwa viwango vya M-Pesa, kutoa 1,000 kwa wakala ni shilingi 29. Ukifanya hivyo mara kumi umelipa 290. Ukitoa 10,000 kwa mara moja unalipa 115. Hiyo tofauti ni chai na mahamri ya watu wawili. Lakini usikimbilie kutoa yote pia. Ndani ya Kenya, kulipa kwa till hakukutozi mteja ada, kwa hivyo pesa taslimu unazihitaji tu pale ambapo simu haitakusaidia. Na pahali hapo pako kama saa mbili hivi kusini mwa Likoni.

Wateja wetu walilala Mombasa usiku mbili. Kwa nauli, chumba, chakula na tiketi za basi la kuendelea, simu ya mke ilitoa 22,400. Kisha wakatoa 20,000 taslimu, ada 185, wakaingia basi la Tanga.

Horohoro: hapa pesa hubadilisha uraia

Mpaka una majina mawili. Upande wetu ni Lunga Lunga, upande wa Tanzania ni Horohoro. Unagongewa pasipoti, unaonyesha kadi ya chanjo ya homa ya manjano, unapita. Kadi hiyo si ya kuitafuta usiku wa kuamkia safari: chanjo huhesabika kuwa imeanza kufanya kazi siku kumi baada ya kuchomwa. Habari njema ni kwamba ukichomwa mara moja, cheti ni cha maisha.

Sasa pesa. M-Pesa ya Kenya ilianza 2007, na ya Tanzania, ya Vodacom, ikaanza 2008. Jina ni moja, na hapo ndipo watu hudanganyika. Akaunti yako ya Kenya haijulikani na wakala wa Tanga. Hawezi kukutolea hata shilingi mia. Laini yako ya nyumbani ikishika mtandao wa huko itapokea meseji, na salio utaliona, lakini hilo salio ni kama shamba lako la Gatanga ukiwa Dubai: ni lako, lakini huwezi kulilima ukiwa huko.

Shilingi taslimu za Kenya nazo? Zamani ungeweza kubahatisha, muuzaji akachukua noti yako na kukupigia hesabu kichwani. Tangu Machi 2025 kanuni za Tanzania zinakataza bidhaa na huduma za ndani kupangiwa bei au kulipiwa kwa fedha za kigeni. Yaani lazima ubadilishe, na ubadilishe pahali panapofaa.

Mpakani utapokelewa na vijana wenye mabunda mkononi, wakiita "kaka, dada, pesa!" Wateja wetu walipoteremka kijana mmoja aliwapa 17 kwa kila shilingi ya Kenya. Duka la kubadilisha fedha lilikuwa linatoa 19. Mbili tu, unaweza kusema. Kwa shilingi 20,000 hizo mbili ni 40,000 za Tanzania, karibu elfu mbili zetu. Walikwenda dukani, wakapata 380,000 na risiti. Na ile risiti itunze.

Noti kubwa ya Tanzania ni ya 10,000, na mkoba ukishajaa hizo mtu hujiona tajiri ghafla. Dawa ni hesabu ndogo ya kichwani, maana shilingi moja yetu imekuwa ikizunguka kwenye 20 zao: toa sufuri moja, kisha gawanya kwa mbili. Sahani ya pweza ni 30,000? Toa sufuri, 3,000. Nusu yake, 1,500. Sasa ndio unajua kama unamtaka huyo pweza.

Kinachouma kidogo ni kwamba babu zetu hawakuhitaji hesabu hiyo. Zanzibar ilipoiacha rupia yake mwaka wa 1936, bandari zote nne, Mombasa, Tanga, Dar es Salaam na Unguja, zikawa zinatumia shilingi moja ya Afrika Mashariki. Mtu angeweza kutoka na noti Mombasa na kuila Forodhani. Ilidumu hadi 1966, kila nchi ilipoanza kutoa shilingi yake. Itifaki ya kuunganisha tena sarafu ilitiwa saini Kampala mnamo Novemba 2013 na lengo likawa 2024. Sasa lengo limesogezwa hadi 2031. Mpaka hapo, toa sufuri, gawanya kwa mbili.

Na wala si sisi peke yetu. Huko Ulaya ya kaskazini kuna safari ya bandari inayopendwa sana na wanandoa wakati wa kiangazi. Kutoka Helsinki hadi Tallinn ni karibu saa mbili kwa meli, kama Dar na Unguja, na pande zote mbili ni yuro, kwa sababu Estonia iliingia kwenye yuro mwaka wa 2011. Riga pia ni yuro. Lakini ukipanda meli ya usiku kwenda Stockholm unaamkia krona, na ukishuka Gdańsk ni zloty. Sweden wana malipo yao ya simu, Swish, tangu 2012. Kila mtu anayo, hata muuza jordgubbar, yale matunda mekundu madogo, kando ya barabara. Mgeni hana, kwa sababu inataka akaunti ya benki ya Sweden na namba ya utambulisho ya huko, na maduka mengi hayataki tena noti. Mtalii husimama pale na pesa zake kama Mkenya mbele ya wakala wa Horohoro. Anayemwokoa ni kadi ya benki.

Tanga, na uamuzi uliookoa safari

Tanga ni mji wa kutulia. Baiskeli nyingi, barabara pana zilizonyooka, bandari isiyo na fujo, na mapango ya Amboni nje kidogo ya mji. Ni mji ambao watu wa Nairobi huupita wakiwa wamelala kwenye basi. Kama mna haraka msiende Tanga, mtauonea bure.

Mume alikuwa na simu ya laini mbili, na pale Tanga akaamua kusajili laini ya Tanzania. Mke alimwambia anapoteza muda, hiyo foleni wangekuwa Raskazone wakiogelea. Usajili wa huko ni wa alama za vidole na pasipoti, kwa hivyo ni lazima uende mwenyewe kwenye duka la mtandao au kwa wakala anayetambulika. Usinunue laini iliyosajiliwa tayari kwa jina la mtu mwingine, hata ikiuzwa bei ya peremende. Pesa zitakazoingia humo kisheria si zako, na mwenye jina akiamua kuirudisha laini yake huna pa kushtaki.

Laini ikawaka. Akafunguliwa na akaunti ya pesa. Huko kile tunachokiita till wao wanakiita "lipa namba", na utaikuta kila mahali, kwenye chipsi mayai, kwenye bajaji, kwenye vyumba vya kulala. Tangu 2015 mteja wa M-Pesa ya Kenya ameweza kumtumia mteja wa M-Pesa ya Vodacom Tanzania moja kwa moja. Pesa zinatoka shilingi zetu, zinaingia shilingi zao. Huduma ya kutuma nje ya nchi huwashwa kwanza, na mume alikuwa ameshaiwasha akiwa Ruiru. Kwa hivyo mtu mmoja mwenye laini mbili kwenye simu moja anaweza kujitumia mwenyewe kuvuka mpaka.

Ukituma hivyo usiangalie ada peke yake. Angalia kiwango cha kubadilisha, ambacho huonyeshwa kabla ya kuweka namba ya siri. Ada inaweza kuwa ndogo huku kiwango kimekula zaidi kuliko kijana wa mpakani. Zidisha mwenyewe, linganisha na duka, ndipo ubonyeze.

Jumatano, Kariakoo

Siku ya sita walikuwa Kariakoo. Ukiwa na duka la vitambaa Thika huwezi kufika Dar usitazame vitenge vya Kariakoo. Hata sisi tungekwenda. Mke alikuwa ameshika simu mkononi, skrini imewaka, akimwonyesha mume ramani. Pikipiki ikapita. Simu ikaenda nayo.

Jambo la kuelewa hapa ni hili: simu ilichukuliwa ikiwa imefunguliwa. Si simu iliyofungwa ambayo mwizi ataiuza vipande. WhatsApp iko wazi. Picha ziko wazi, na kati ya picha kulikuwa na kitambulisho chake, alichokipiga siku ya kukata tiketi za treni. Kitambulisho kina tarehe ya kuzaliwa. Na namba yake ya siri, kama ya watu wengi tunaoongea nao kila siku, ilikuwa mwaka wake wa kuzaliwa.

Salio lilikuwa 67,415. Tena salio silo hasara yote inayoweza kutokea. Anayeingia kwenye akaunti yako anaweza pia kukopa kwa jina lako kwenye mikopo iliyounganishwa na laini, halafu wewe ukarudi nyumbani na deni.

Mume alifanya mambo kwa mpango ambao tungependa kila mteja aujue. Hakumfukuza mtu wa pikipiki. Aliingia kwenye duka la vitambaa, akakaa, akatoa simu yake. Namba fupi za huduma kwa wateja, zile za tarakimu tatu, ni za mtandao wa nyumbani. Ukiwa nje unahitaji namba kamili inayoanza na +254. Alikuwa nayo, imeandikwa kwenye karatasi ndani ya pasipoti, pamoja na namba ya laini ya mke, namba yake ya kitambulisho, na ile namba ya utambulisho wa simu yenyewe inayotokea ukibonyeza *#06#. Mke aliongea mwenyewe, akajibu maswali ya kuthibitisha, akaomba laini ifungwe yote, si akaunti ya pesa pekee. Walisubiri kwenye simu muda mrefu kuliko walivyotaka. Mwenye duka aliwaletea maji na hakutaka kulipwa.

Wakati wanasubiri, mwizi naye alikuwa kazini. Kaka yake mke, anayeishi Makongeni, alipokea ujumbe wa WhatsApp kutoka kwa namba ya dada yake: "Shikamoo kaka, habari za mchana. Nimepata dharura, naomba unitumie 40,000 kwa namba hii." Namba ya Tanzania.

Kaka alisoma mara mbili. Hawa ni ndugu wa Thika. Tangu wazaliwe wanaandikiana Kikuyu kilichochanganywa na Sheng, na dada yake hajawahi kumwamkia shikamoo, sembuse kwenye WhatsApp. Akapiga simu kwa shemeji yake, yaani mume. Wakati huo huo mume naye alikuwa anataka kumpigia kuomba msaada wa kweli. Sasa kaka hakumwamini hata huyu. Alitaka kumsikia dada yake mwenyewe, na akamuuliza jina la mbuzi aliyewasumbua utotoni. Alipojibiwa ndipo akasema sawa, mnataka ngapi.

Tunajua kuna watu wataona huyo kaka ni mgumu. Sisi tunaona ndiye mtu aliyefanya kazi nzuri kuliko wote siku hiyo. Ombi la pesa la haraka kutoka kwa namba unayoijua halijathibitisha chochote isipokuwa kwamba kuna mtu ameshika hiyo simu. Piga, sikia sauti, uliza swali ambalo jibu lake haliko kwenye simu.

Jioni ile ile simu ya mume iliita tena. Sauti ya upole ikasema inatoka "huduma kwa wateja", kwamba wameipata ile laini iliyoibwa na wanahitaji namba ya siri ili waifungue. Mume alikata. Hakuna mfanyakazi wa kampuni yoyote ya malipo, hata yetu, anayehitaji namba yako ya siri kufanya kazi yake.

Hesabu mpya usiku

Laini ilifungwa, pesa zikawa salama. Lakini kurudishiwa laini kulihitaji waende dukani Kenya na kitambulisho, kwa hivyo hadi siku watakaporudi zile 67,415 zilikuwa kama zimefungiwa kwenye sefu. Walikuwa na nini mkononi? Shilingi 140,000 za Tanzania zilizobaki kati ya zile 380,000. Kwenye simu ya mume 8,700 za Kenya. Chumba cha Dar kilikuwa kimelipiwa usiku mmoja tu zaidi, na nauli ya basi la kurudi haikuwa imelipwa.

Walizozana, na hawakutuficha. Mume alisema kama angekuwa na nusu ya pesa kwenye simu yake hawangekuwa hapo. Mke alisema mbona hakusema Ruiru. Kisha mume akasema jambo ambalo wanandoa wengi husema baada ya ajali kama hii, kwamba wangekuwa wanajuana namba za siri. Hapa tunaweka mguu chini. Kumpa mwenzako namba yako ya siri kusingefungua chochote Jumatano hiyo, kwa sababu laini yenyewe ilikuwa kwenye pikipiki. Na siku pesa zikipotea, hamtajua ni mwizi au ni ninyi kwa ninyi, na hakuna atakayewaamini mkisema hamkushirikiana siri. Kinachofaa kugawanywa ni pesa zenyewe. Kila mmoja na sehemu yake kwenye laini yake, namba yake ya siri kichwani mwake, na kiasi cha kuwafikisha nyumbani wote wawili kikae mahali pa tatu: taslimu kwenye soksi, au kadi ya benki iliyoachwa chumbani.

Kaka wa Makongeni alituma 15,000 kwa laini ya Kenya ya mume. Mume akawa na 23,700. Kutoka hapo akajitumia 22,000 kwenda kwenye laini yake ya Tanzania, ile ya foleni ya Tanga. Meseji mbili ziliingia kwenye simu moja, ya kwanza ya kutoa shilingi za Kenya, ya pili ya kupokea za Tanzania. Mke hakusema kitu kuhusu Raskazone tena.

Unguja kwa siku mbili badala ya nne

Walifikiria kurudi. Lakini boti ya kwenda ilikuwa imeshalipwa, na bima pia. Bima hiyo ya lazima kwa wageni wanaoingia Zanzibar ilianza tarehe 1 Oktoba 2024 na ilitangazwa kwa dola 44 kwa mtu mzima. Ilipieni kwenye tovuti rasmi ya serikali ya huko kabla hamjafika bandarini, na msipitie kiungo mlichotumiwa na mtu msiyemjua. Wakaamua: wanakwenda, lakini siku mbili.

Agosti ni msimu wa kusi na mkondo wa Zanzibar huwa na mawimbi. Wa Ruiru alilala sakafuni mwa boti karibu saa zote mbili. Wa Thika alikaa dirishani akila karanga.

Mji Mkongwe kutembea ni bure, na hilo liliwafaa sana. Vichochoro vyake, milango yake ya kuchongwa, misikiti, kanisa kuu lililojengwa palipokuwa na soko la watumwa: mtu anaweza kumaliza siku nzima bila kutoa noti. Jioni ni Forodhani. Hapo meza nyingi hazina bei iliyoandikwa, na Kiswahili chetu cha Bara kinatutangulia kututangaza. Walichofanya ni kuuliza bei ya kila kitu kabla hakijawekwa kwenye sahani, kuijumlisha kwa sauti mbele ya muuzaji, kisha kulipa kwa lipa namba na kusoma jina lililotokea kwenye skrini kabla ya kuthibitisha. Mara moja jina halikuwa la muuzaji. Wakauliza, ikawa ni la mkewe, akaitwa, akacheka, wakalipa. Kuuliza hakukuwaharibia urojo.

Jumamosi walirudi Dar kwa boti waliyoilipia kwa simu ya mume. Jumapili alfajiri wakapanda basi la Namanga, siku nzima barabarani. Namanga walibadilisha noti zilizobaki dukani, wakionyesha ile risiti ya Horohoro. Sarafu hazikubadilishika, zimewekwa kwenye bakuli la funguo nyumbani.

Jumatatu asubuhi mke alikuwa mtu wa kwanza kwenye duka la mtandao Thika, kitambulisho mkononi. Laini mpya ilipowaka alibadilisha namba ya siri kabla ya kuangalia salio, na safari hii hakuchagua mwaka wowote. Kisha akaangalia: 67,415, hakuna deni. Muamala wake wa kwanza ulikuwa 15,000 kwa kaka yake wa Makongeni, ada shilingi 100. Dakika moja baadaye kaka akapiga simu kuuliza kama ni yeye kweli.